Betri ya Vipande Vinne Kwenda Merikit

Tangu Jumapili mnanisimamisha njiani, wengine hata mlango wa kanisa hamkuuheshimu, mkiniuliza imekuwaje mtu aende Merikit kupeleka betri moja akae siku tano. Nimechoka kusimulia nusu nusu. Nimeyaandika yote hapa, someni mmalizane nayo. Habari za karatasi za forodha naziruka, kwa sababu zilikwenda sawa, na kitu kilichokwenda sawa hakina masimulizi.

Kutoka Lunyo hadi Busia

Wengi wenu mnamjua dada yangu Nafula, aliyeolewa kwa Wateso wa Merikit. Ana mashine ya kuangulia mayai, na wanawake wa jirani humpelekea mayai ya kuku wao. Kila mmoja huandika jina lake kwa penseli juu ya ganda, na siku vifaranga wakitoka, kila mtu huchukua wake. Mwaka jana umeme ulikatika siku mbili, betri yake ya zamani ya tindikali ikazimika, na mayai yote yakaoza. Wanawake wakamsamehe. Lakini walimwambia wazi kwamba yakioza tena hakuna atakayemletea hata yai moja.

Sasa alikuwa na mayai zaidi ya mia moja ndani, ya siku kumi na saba, na yai la kuku linataka siku ishirini na moja. Betri ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, na umeme wa Merikit mnaujua, leo upo, kesho umesafiri. Akanipigia simu nimnunulie betri ya lithiamu upande wa Kenya, nimpelekee mwenyewe, kwa sababu mtu mwingine hamwamini. Hilo la kuniamini lishikeni vizuri.

Niliondoka Lunyo asubuhi Jumanne nikiwa na furaha, kitu ambacho hakikurudi tena safari nzima. Kwa hesabu zangu, saa sita ningekuwa nimenunua, saa nane nimepita Tororo, na jioni niko kwa Nafula nakula.

Dukani, upande wa Kenya

Fundi wa betri alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, anayependa kueleza. Mimi nilitaka kununua niondoke. Yeye alitaka nielewe. Akaziweka betri mbili mezani, moja nyepesi, nyingine nzito ya kilo kumi na mbili hivi, na akaniambia nguvu zake zinakaribiana.

Nikanyoosha mkono kwenye ile nyepesi, kama mtu yeyote mwenye mgongo. Akanizuia.

"Hiyo ni ya piki za umeme, mathe. Imejaziwa nguvu nyingi kwa kilo chache, lakini haipendi joto na inazeeka mapema. Mashine ya mayai haitembei. Chukua hii nzito, ikae chini hapo, utaisahau miaka."

Nikamuuliza kwa nini basi wasitengeneze moja nyepesi, inayodumu, isiyoogopa joto na inayojaa haraka. Akacheka kwa heshima. Alisema kila mteja humwuliza hivyo. Betri ukiiongezea hiki unaipunguzia kile. Ukitaka wepesi, unautoa kwenye umri. Ukitaka ijae haraka, unalipa kwa joto, na joto ndilo linaloiua. Ile nzito, akasema, ndani yake mna chuma na fosfeti, ina tabia ya utulivu. Nikamwambia fosfeti naijua, ni ile ya vilima vya Osukuru wanakotengenezea mbolea. Akafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi.

Alinifungulia sanduku nione: seli nne zilizopangwa pamoja kama matofali madogo, zimeunganishwa kwa vipande vya shaba na boliti, na juu yake kibao cha kulinda, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua mno. Akaandika jina la Nafula na namba yake ya simu kubavuni kwa kalamu nene. Saa sita ilikuwa imeshapita, na bado nilikuwa sijakasirika.

Mpakani

Mnajua mizigo ya Busia inavyovuka. Wapo wale watu wa baiskeli za magurudumu matatu, wenye ulemavu wa miguu, wanaoendesha kwa mikono. Hawa ndio wanaoujua mpaka kuliko mtu yeyote. Anayewapangia ni Mama Taaka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye nimefanya naye kazi tangu nilipokuwa nikiuza unga wa ngano. Kazi yenyewe ina desturi yake: mzigo mkubwa hugawanywa vipande vidogo, kila baiskeli ikabeba kidogo, upande wa pili vikakusanywa tena. Unga hugawanywa. Sukari hugawanywa. Nimewahi kuona kitanda kikivuka kwa baiskeli tano na kulaliwa jioni ile ile.

Betri yangu haikuwa na haja hiyo. Karatasi zilikuwa mkononi, zina mihuri. Ilikuwa ni kubeba tu, na mgongo wangu haukutaka. Nikamwachia Mama Taaka sanduku, nikasema naye maneno mawili matatu, nikatangulia kwenda kutafuta chai na chapati upande wa Uganda.

Niliporudi kwenye kituo chao nilikuta baiskeli tatu. Kwenye kila moja kulikuwa na seli yangu moja, imefungwa gazeti na kitambaa chekundu. Sanduku lilikuwa tupu. Boliti zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kile kibao cha kulinda kilikuwa kimeviringishwa nyaya zake kama uzi wa kushonea.

Nilikaa chini. Nilimwuliza Mama Taaka ni nani duniani anayefungua betri. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema wamefungua vizuri, hawakuvunja kitu, hata boliti hawakupoteza. Nikauliza seli ya nne iko wapi.

"Wandera alikuwa nayo," akasema. "Subiri, anakuja tu."

Wandera hakuja. Tulisubiri mpaka jua likashuka. Simu yake ilikuwa imezimwa, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi. Hatimaye alitokea akipiga mluzi, baiskeli tupu. Mzigo? Ameshaupeleka. Siku ile walikuwa na vifurushi vingine vyenye kitambaa chekundu, vya mzee mmoja wa Osukuru anayechajia watu simu, na Wandera aliona nyekundu, akaweka na nyekundu. Gari la mzee lilikuwa limeondoka saa tisa.

Seli tatu haziwashi mashine inayotaka nne. Nililala Busia kwa binamu yangu, nikampigia Nafula nikamwambia kuna kuchelewa kidogo. Akaniambia umeme umekatika tangu mchana, anaweka chupa za maji moto ndani ya mashine na kuzibadilisha kila baada ya muda. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Ile sauti ilinitesa kuliko kama angelia.

Kwenda Osukuru kwa piki isiyokimbia

Asubuhi nilitaka bodaboda ya mafuta. Iliyokuwa tayari ilikuwa ya umeme, ya kijana wa Kiteso aitwaye Emojong. Nikasema sawa, piki ni piki. Nilikosea.

Tulikwenda kwa mwendo ambao mama mmoja mwenye baiskeli na matoke alitupita akatusalimia, kisha akageuka kutusalimia tena. Nilimwambia Emojong nina mayai ya watu yanayopoa.

"Mama, mimi nikikimbia, hii betri nakunywa sana," akasema. "Nakwenda pole, tutafika. Nakwenda mbio, tutasukuma."

Kwenye mlima aliniomba nishuke. Nilitembea na sanduku langu la seli tatu kichwani, naye akapanda peke yake. Huko juu alisimama chini ya mti wa mfenesi, akaiweka piki kivulini ili betri ipoe. Kivuli kilitosha piki tu. Mimi nilisimama juani. Nikamwuliza kama jana usiku aliichaji. Ndiyo, akasema, robo tatu hivi. Kwa nini si kujaza? Kwa sababu betri yake ni ile aina nyepesi, na ukiishindilia mpaka juu kila siku inazeeka mbio, na yeye anaitaka mpaka watoto wake wamalize shule. Kila mtu niliyekutana naye safari ile alikuwa anailinda betri yake kwa gharama ya siku yangu.

Osukuru, kwa mzee wa simu

Mzee Owor alitupokea kwa mikono miwili. Ni Mjapadhola, mkulima mwenye kiduka kinachotazama vilima, na ndani ya kiduka kulikuwa na simu zisizopungua ishirini zimelala kwenye rafu, zimeshiba. Seli yangu ilikuwa katikati, imechomekwa nyaya kupitia kibao chake kidogo cha kuchajia. Alidhani aliyemuuzia vitu Kenya amemtumia nyongeza. Umeme ulikuwa umekatika huko pia, na usiku kucha alikuwa amechajia simu za mtaa mzima bure kwa kushukuru baraka ile.

Nilipomweleza, alisikitika sana. Aliichomoa pale pale na kuifuta vumbi kwa shati lake. Nikashukuru, nikainuka. Hapo ndipo yalipoanza.

Mgeni haondoki kwake na njaa, na zaidi mgeni aliyekosewa. Nikasema nimekula. Hakusikia. Kuku akaanza kufukuzwa, akakimbilia kwa jirani, jirani naye akaja kunisalimia. Nikasema tena kwamba nina haraka, dada yangu ana mayai. Mkewe akafurahi kusikia habari za kuku, akataka kujua ni wa kienyeji au wa kisasa. Sala ya kubariki chakula ilimtaja kila mtu aliyekuwa na simu rafuni. Nilikula ugali wa wimbi na yule kuku huku nikihesabu saa, na la kuudhi zaidi ni kwamba kilikuwa chakula kitamu kuliko chote nilichokula mwaka huu.

Wakati wa kuagana nilimwambia mzee yale ya fundi, kwamba ndani ya betri kuna fosfeti kama ya vilima vyake. Akaitazama seli, akavitazama vilima, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Basi haikupotea," akasema. "Ilikwenda kusalimia kwao."

Emojong alicheka naye. Mimi nilikuwa nyuma ya ratiba kwa siku nzima, sina muda wa kucheka.

Tororo

Fundi wa Tororo ni mwanamke, Achieng, mwenye kibanda si mbali na mwamba ule mkubwa. Nilimmwagia seli nne, mfuko wa boliti na kibao, nikamwambia anifungie upesi niondoke. Alizipima moja moja kwa mita. Tatu zilikuwa zimejaa karibu sawa. Ya nne, ile iliyolisha simu za Osukuru, ilikuwa karibu na mwisho wake.

Akakataa kufunga.

Alinieleza mara mbili, kwa subira ambayo sikuistahili. Seli zikiwa kwenye mstari mmoja zinafanya kazi kama watu wanaobeba jeneza. Hata watatu wawe na nguvu, wa nne akianguka, wote wamesimama. Ukichaji, tatu zilizojaa zitafika juu na kibao kitakata kabla ya ile yenye njaa kupata kitu. Ukitumia, ile moja itaisha kwanza na kibao kitakata tena, wakati tatu bado zimejaa. Kamba hukatikia pabovu. Lazima ya nne ichajiwe peke yake mpaka ziwe sawa, ndipo zifungwe.

Nikauliza itachukua muda gani. Akasema taratibu, mpaka kesho saa sita. Kwa nguvu, akiwasha jenereta na kuisukuma kwa chaja kubwa, jioni hii. Lakini kwa chaja hiyo seli hii moja itapata moto, itakuwa dhaifu kuliko wenzake siku zote, na betri nzima itaishi kwa umri wake.

"Nikiharakisha, leo unakwenda," akasema. "Halafu mwaka ujao unarudi hapa na hasira ile ile."

Nilitaka kumwambia aharakishe. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini betri haikuwa yangu, nikampigia Nafula, nikamweleza yote jinsi yalivyo. Nilisikia maji yakimiminwa upande wake.

"Iache ishibe polepole," akasema. "Mayai nitajua la kufanya."

Nikamuuliza atafanya nini. Akasema niende nikalale. Nililala kwenye nyumba ya wageni yenye neti yenye matundu, nikaumwa na mbu usiku kucha, na kila nilipoamka niliwalaani kwa majina: Wandera, Mama Taaka, Emojong na piki yake, Mzee Owor na kuku wake, hata yule kijana wa miwani aliyenikataza betri nyepesi.

Merikit

Alhamisi mchana Achieng alizifunga, akazipima tena, zikawa sawa zote nne. Emojong alikuwa amejaza betri yake robo tatu, kama kawaida. Tulifika Merikit saa kumi na nusu.

Nafula alinikuta langoni. Alinipokea sanduku, akaliweka chini, akanikumbatia. Nikauliza mayai. Akanipeleka ndani, akafungua mashine. Zaidi ya nusu ilikuwa tupu.

Jana yake jioni, baada ya simu yangu, alikuwa amewaita wanawake wote. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani ana kuku anayeatamia. Kila mwanamke akachukua mayai yenye jina lake, akayatia chini ya kuku wake au wa jirani yake. Kumi huku, manane kule, kumi na mawili kwa yule mjane wa karibu na shule. Mzigo ukagawanywa kijiji kizima kabla ya giza. Yai halina boliti, linakubali.

Nikamwambia basi yamepona. Akasema ya watu, ndiyo.

Yaliyobaki ndani ya mashine yalikuwa yake mwenyewe, thelathini, yasiyo na jina, kwani ya nini mtu aandike jina lake kwenye mayai yake nyumbani kwake? Kuku wake mmoja anayeatamia alikuwa amempa mayai ya Amoit, jirani yake, aliyekosa kuku. Haya yake alibaki nayo na chupa za maji moto. Alfajiri kuni ziliisha, akapitiwa na usingizi kwenye kiti. Alipoamka chupa zilikuwa za baridi, na mayai pia.

Kesho yake, Ijumaa, vifaranga wakaanza kutoka chini ya kuku wa watu. Wanawake wakawaleta kwa Nafula kwenye mabeseni, kwa sababu kuku hawakutosha kuwafunika wote, nasi tukawawashia taa ya joto kwa ile betri. Iliwaka usiku na mchana bila kupepesa. Amoit alisema msimu ujao ataleta mayai mara mbili, na wengine wakaitikia. Nafula alifurahi kweli kweli, mimi namjua. Hata hivyo nilimwona akipita kando ya mashine bila kuitazama.

Siku zote hizo nilikuwa nimemsimulia makosa ya kila mtu. Aliniuliza mara moja tu ni nani aliyewaambia waifungue betri, nami nikajibu ni desturi yao. Jumamosi asubuhi, begi likiwa begani, sikuweza tena. Mnakumbuka nilisema kwamba pale mpakani niliongea na Mama Taaka maneno mawili matatu. Aliniuliza kama sanduku ni zito. Nami nikamjibu kama nilivyomjibu mara mia wakati wa unga, bila hata kufikiri, macho yangu yakiwa kwenye chapati: "Zito sana. Gawaneni." Ni mimi. Nilimwambia Nafula hivyo, nikiangalia chini.

"Najua," akasema. "Namba yangu ilikuwa kwenye sanduku. Mama Taaka alinipigia siku ile ile, akaniomba msamaha kwa niaba yako."

Aliingia ndani, akatoka na beseni la mayai yake thelathini, akaniambia nikayafukie kwenye migomba kabla sijaondoka, yeye hawezi. Amoit alikuwa amekaa barazani, akainuka anisaidie kubeba. Nikamwambia akae. Beseni lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na nililibeba mwenyewe, yote kwa mara moja, mpaka kwenye migomba.